Mstari wa Kumi

Bahasha za Novemba, za majina ya marehemu wa kuombewa, zimeletwa jumuiyani Jumatano. Ni zile zile: msalaba juu, mistari kumi chini, ndani unatia sadaka. Nilikuwa nimeandika majina matatu binti yangu aliposimama nyuma ya kiti.

"Baba, mwalimu wa Sande skuli amesema waliokufa hawaombewi. Wanangoja hukumu tu."

Sande skuli anakwenda kwa kina mamake, na Waebrania 9:27 anaitaja kama namba ya simu. Mke wangu, mtoto wa Friends, yaani Waquaker, wa Kaimosi, aligeukia sufuria yake ili nisimwone akicheka.

Ningemjibu kwa kitabu cha pili cha Wamakabayo. Yuda Mmakabayo alichangisha drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu, itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa vitani, na hao walikutwa wamevaa hirizi za miungu chini ya nguo. Si watakatifu hata kidogo. Lakini kitabu hicho hakimo katika Biblia ya mamake, kwa hiyo nikanyamaza. Nikamkumbuka Dani, nyanya yangu.

Ahero, 1993, niko darasa la tano. Dani hakujua kuandika, nami ndiye niliyekuwa karani wake. Babu, nikaandika. Watoto wake wawili, kakake aliyefia Magadi, wengine. Wa kumi akamtaja yule jirani aliyeng'oa mkonge usiku akasogeza mpaka. Kesi ile ndiyo iliyommaliza babu. Kwetu hakuna aliyebisha hilo.

Niliinamisha kichwa, nikaandika Simba.

Simba alikuwa mbwa wetu. Lori la mchele lilimgonga mwezi wa Agosti.

Sikujua kwamba kigangoni majina yote husomwa. Katekista alifika pale, akaivuta bahasha karibu na miwani, akaisogeza mbali. "Simba," akasema. Kisha, "Raha ya milele uwape, ee Bwana," na kanisa zima likamwitikia, mwanga wa milele na yote.

Njiani Dani alivua viatu akavishika mkononi, maana mvua ilikuwa imenyesha. Hakusema kitu mpaka tukafika kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga.

"Na yule mwingine?"

"Nafasi ilikwisha, Dani."

"Mbwa akapata."

Alisimama palepale, matope yakimpandia katikati ya vidole vya miguu, vile viatu ameviegemeza kifuani. Akamwombea kwa sauti, kwa jina lake la ubatizo, polepole, kama mtu anayenisomea imla. Mimi nilikuwa natazama chura, koo linavimba na kunywea. Nilikuwa na hasira. Sikutaka kulisikia jina lile, na kweli sikulisikia.

Binti yangu amehesabu mistari. Tisa imejaa.

"Huyu wa mwisho ni nani?"

Sisi watoto tulimjua kwa lakabu tu, tena ya matusi. Wanawe waliuza wakahama. Dani mwenyewe yuko mstari wa kwanza.