Uzi wa mama

Ilikuwa 2013, mwezi wa tatu, watu wameshalima wanangoja tu mvua ishike ndio wapande, na sisi ndio tumetoka Kisumu na mdogo wangu baada ya raundi ya kwanza ya kemo, zile dawa za saratani. Alikuwa na miaka saba. Nakumbuka venye watu walikuwa wanaingia kwa boma, wanamshika shavu, wanasema Mungu ni mkubwa, kwa sababu walikuwa wamemuona akienda na taya limefura mpaka jicho la upande huo linaanza kufunga, na sasa amerudi uso karibu uko sawa, anakula ugali na omena bila kulia.

Ilikuwa imeanza na meno. Ya nyuma yalilegea, akapelekwa kliniki moja huko karibu na Ugunja, wakang'oa moja wakampa antibayotiki, tukaambiwa uvimbe utashuka. Haukushuka. Mama ni fundi wa nguo, akakata uzi mweusi wa cherehani akawa anampima kila asubuhi kutoka chini ya sikio mpaka pembe ya mdomo, pale uzi umefika anafunga fundo. Mafundo yakawa yanasonga mbele kila siku, hata mimi mtoto wa sekondari tu nilikuwa naona. Siku moja akamwambia baba hii sio jino, akampandisha matatu wakaenda mpaka Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa karibu na Kondele, huku kila mtu huiita hivyo kwa vile ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Wakakata kinyama kidogo cha kupima. Majibu yakatoka limfoma ya Burkitt.

Daktari mmoja alikaa na mama kwa benchi akamweleza polepole. Ni saratani inayoshika sana watoto wa huku kando ya ziwa kwa sababu malaria haituachi, mtoto akiugua malaria tena na tena kinga yake inashindwa kuzuia kirusi kinaitwa Epstein-Barr, ambacho karibu sisi wote tuko nacho na hakitufanyi kitu. Hilo jina Burkitt ni la daktari mpasuaji aliyekuwa Uganda, ndiye aliandika kuhusu watoto wa taya kama hizo 1958. Si kurogwa, si chira, ile laana ya kuvunja mwiko, haiambukizi. Mama akamuomba arudie hapo kwa chira. Akarudia.

Dawa nazo zilikuwa saiklofosfamidi na vinkristini kwa mshipa, halafu methotreksati inadungwa kwa uti wa mgongo ndio ugonjwa usiende kujificha kwa ubongo. Hiyo ya mgongo ndio aliogopa zaidi, unamkunja magoti mpaka kifuani, sista anamshika asisonge, na yeye anaita mama na mama ako hapo hapo. Lakini ndani ya siku chache uvimbe ulianza kuyeyuka, yani unaangalia jioni na si wa asubuhi.

Sasa ndio Jumapili hiyo tumerudi nyumbani, baba mdogo akaitisha mkutano kwa nyumba ya Dani, nyanya yetu. Hakuwa mtu mbaya, ng'ombe wa kwanza kuuzwa alikuwa wake. Akasema, "Shemeji, kijana amepona, wote tumeona. Pesa ya mbegu imeenda, ya mbolea imeenda, mnarudi Kisumu kutafuta nini?" Shangazi akaongeza ati hiyo dawa yenyewe ndio itamuua, si nywele zimeanza kutoka. Baba alikuwa kimya, anaangalia chini. Mimi huwa naumia sana nikisikia watu wakisema wazazi wanaacha matibabu kwa ujinga. Pale hakukuwa na mjinga. Ulikuwa na mtoto anacheka na shamba halina mbegu, na unaambiwa bado kuna ugonjwa ambao huuoni.

Mama akatoa ule uzi kwa fundo la leso yake. "Shemeji, asante kwa ng'ombe, sitasahau. Lakini angalia. Hapa ni Jumatatu, hapa ni Jumatano, hata hajamaliza zile dawa za jino. Daktari amesema raundi sita, na kama hiki kitu kilikimbia hivi, siku kikirudi tutatafuta nauli mpaka lini? Kitanda cha pili kulikuwa na mtoto wa Homa Bay, shavu lilishuka hivi hivi, wakaenda nyumbani kupanda. Alirudi tumbo limejaa. Mama yake ameondoka pale bila mtoto."

Hakuna mtu alijibu. Dani akaomba uzi. Macho yake yalikuwa yameshaisha, kwa hivyo aliupitisha kwa vidole, fundo moja baada ya lingine, akarudi mwanzo akapitisha tena. Akauliza, "Hii yote ni kabla ya dawa?" Mama akasema ndio. Dani akamwambia baba mdogo mbuzi zake ziende soko ya Ugunja, na mahindi mwaka huu watu wanunue.

Raundi ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Mdomo ulijaa vidonda, chembe nyeupe za damu zikashuka sana, homa ikapanda ikabidi tusirudi nyumbani mpaka itulie. Baba mdogo alikuja siku moja na unga wa wimbi, akamwambia mama aende alale, akakaa na kijana usiku kucha akimpa maji kidogo kidogo kwa kijiko. Asubuhi nikamkuta amemsimamisha daktari kwa korido anamuuliza zimebaki ngapi na ya tatu ni tarehe gani, anaandika kwa kiganja.

Alimaliza zote sita. Huyo kijana saa hii anafanya kazi ya uchomeleaji hapo Ugunja.