Mvua Ilipomeza Mlio

Aprili 2018, ukumbi wa mtaa mmoja Kisumu, paa la mabati lisilo na dari. Watoto 22, wa miaka 8 hadi 13, walikuwa wakionyesha mchezo mpya wa kuimba, na mchezo wenyewe ulikuwa fumbo: harusi imekaribia, na pete ya mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, imeibwa. Ni ile pete nzito ya chuma inayovaliwa kidole gumba cha mguu na kugongwa kwenye ubao wa ala. Nyuzi 8 zinaimba, pete inashika mdundo. Ikikosekana, nyatiti husikika kama mzee anayesimulia bila meno.

Pete ni ndogo, aliyekaa nyuma haioni. Kwa hiyo kidokezo kikawa mlio. Katika wimbo wa tatu, washukiwa 5 wamekaa benchini pekupeku, leso zimefika visiginoni. Mmoja anajisahau, mguu unafuata ngoma: ko, ko, ko. Sakafu ya saruji iliumeza mlio, basi tukawawekea miguuni kreti tupu za nyanya kutoka soko la Kibuye. Mbao nyembamba, tumbo wazi: zililia vizuri.

Kilichotusumbua zaidi mazoezini kilikuwa macho. Mtoto akishamjua mwizi, humtazama. Kwaya nzima inageukia upande mmoja kama alizeti, na watazamaji wanapata jibu mapema. Ukiwaambia wasimtazame, ndiyo umeharibu kabisa. Tulichofanya ni kuficha ukurasa wa mwisho kwa wiki 5 kati ya 7, na kila mtoto akapewa mshukiwa wake pamoja na sababu ya kumshuku. Anayemshuku mpishi atamkodolea mpishi hata akicheza. Msichana wa miaka 11 aliyekuwa mwizi ndiye pekee aliyejua.

Onyesho lilipangwa Jumamosi saa kumi jioni. Mimi nilitaka asubuhi, kwa sababu mvua ya Aprili huku hupenda jioni, lakini nikaambiwa Jumamosi asubuhi watu wako matangani. Kweli.

Wimbo wa tatu ulipoanza, mabati yakanguruma. Tulikuwa tumening'iniza maikrofoni 2 juu ya jukwaa, karibu na paa kuliko midomo ya watoto, kwa hiyo spika zikatangaza mvua. Fundi akazizima. Mguu ukagonga, na hata mimi niliyesimama hatua 4 kutoka kwenye kreti sikusikia kitu.

Tulikuwa na ishara: kitambaa chekundu kikiinuliwa, kiitikio kinarudiwa mpaka kishushwe. Tuliipanga kwa ajili ya stima kupotea, dakika 2 hivi. Mvua ikachukua 11. Kufikia mara ya sita sauti zilikwaruza, na mkono wangu ulitetemeka.

Ndipo mpelelezi, mvulana wa miaka 9, akaacha kuimba. Akapiga magoti mbele ya benchi, akaashiria kila mshukiwa atoe mguu, akavikagua vidole kama daktari. Hakuna mtu aliyemfundisha hayo. Roho yangu ikaruka, maana pete ilikuwa mguuni kweli, na bado nusu ya mchezo.

Zamu ya mwizi ikafika. Akatoa mguu wa kushoto, polepole, akitabasamu. Wa kulia akaurudisha ndani ya leso.

Mvua ilikuwa inapungua. Bibi mmoja safu ya pili akapaza sauti: "Na ule mwingine?"

Nikashusha kitambaa.