Mikate ya Eda, Wete

Nilipanda boti ya Pemba bandari ya Malindi, Unguja, baada ya kulala njiani nikitokea Dar. Baba mkubwa alikuwa ameshazikwa. Maziko kwetu hayasubiri mtu aliye ng'ambo ya bahari, na hilo nalikubali. Nilikuwa nakwenda kukaa na mkewe, mama mkubwa, aliyeingia eda ya miezi 4 na siku 10.

Boti ikikaribia mkondo wa Nungwi, mazungumzo hupungua yenyewe. Hapa ndipo ilipozama MV Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea huku huku Pemba, wakafa mamia ya watu. Mzee niliyekaa naye alianza kusoma Yasini polepole, na wengine wakamfuata kwa midomo tu. Mawimbi yalipotulia akanipa tende, tukala kimya.

Kutoka Mkoani gari lilipanda na kushuka vilima hadi Chake Chake, kisha Wete. Ulikuwa msimu wa karafuu: majamvi yametandazwa mbele ya nyumba, na harufu ikituingilia madirishani njia nzima.

"Makiwa, mama," nilimwambia nilipoingia.

"Tunayo, mwanangu. Karibu."

Alikuwa amekonda. Dada zangu waliniambia hali chakula. Wali uliletwa mchana na usiku, sinia kwa sinia, naye aliwasogezea watoto. Sikumlaumu. Wali wa msibani ni wa watu wengi, na yeye wakati ule hakuwa na nafasi ya watu wengi moyoni.

Kulipopambazuka siku ya pili, baada ya sala ya alfajiri, mtoto kutoka kwa jirani alibisha hodi mlango wa uani. Alibeba sahani iliyofunikwa kawa, akaiweka, akakimbia. Nilipoinua kawa, mvuke ulipanda na harufu ya nazi na ufuta ikajaa ukumbi. Ilikuwa mikate miwili ya ufuta, imepakwa samli, juu imebabuka madoa madoa ya kahawia. Mama mkubwa alinyoosha mkono kabla sijamkaribisha. Alimega, akanusa, akachovya katika chai ya mchaichai.

"Huu kaupiga mwenyewe," alisema. Akala mkate mzima.

Sikuwa nimemwona akimaliza kitu chochote tangu nifike, na machozi yalinitoka nikiwa nimeshika birika.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa jirani huyo mapema, nikitaka kumshukuru na kumwangalia. Jiko lake ni kibanda cha makuti uani. Alinipa kigoda, akaendelea na kazi. Unga wa ngano alikuwa ameuchanganya usiku kwa tui zito la kwanza, hamira, chumvi na yai, akaupiga kwa mkono mpaka ukavutika, kisha akauacha uumuke. Ulikuwa mzito kuliko wa chapati za maji, laini kuliko wa maandazi. Alilowesha vidole kwenye bakuli la tui lenye chumvi, akachota donge, akalitandaza juu ya chuma cha moto kwa kuligonga gonga kwa ncha za vidole. Vitobo vidogo vikaanza kufunguka. Akanyunyiza ufuta.

Hapo ndipo pana ufundi wote. Mkate ulipogandamana na chuma kwa chini, alikamata mpini kwa kitambaa, akageuza chuma kizima kifudifudi juu ya makaa. Mkate ukaning'inia, hauanguki, uso wake ukiangalia moto. Ndiyo maana hataki kusikia habari za vikaango vya siku hizi visivyogandisha. Kwake mkate usioshika chuma si wa ufuta. Alipokigeuza tena, juu palikuwa pameiva. Akaubandua kwa ncha ya kisu, akaupaka samli ungali unachemka. Ufuta huo wenyewe umetoka bara, pengine Lindi au Mtwara ambako unalimwa sana, ukavuka maji kama mimi.

Nilimwambia ahsante, nikamweleza kwamba mama amekula. Hakujibu haraka. Alisukuma makaa, kisha akasema, "Mwaka ule wa meli, mimi nilikuwa silali wala sili. Nimepotelewa na ndugu wawili. Kila nyumba hapa ina kilio, nani wa kumpa mwenzake pole? Mama yako mkubwa hakuniambia neno. Kila asubuhi mkate, mpaka nikasema, sasa basi, mwenzangu, nimepata nguvu, nitapika mwenyewe."

Tumefundishwa hili tangu chuoni. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliamuru jamaa zake wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Nimelisikia katika mawaidha mara nyingi. Lakini pale kibandani, moshi ukiniwasha macho, nilimwona mtu aliyeamka kabla ya adhana kwa ajili ya mwenzake, na ambaye vidole vyake vimebabuka kwa miaka ya chuma cha moto.

Nilipotaka kuirudisha sahani na sukari kidogo, alinikatalia. "Ilete hivyo hivyo, mwanangu. Hii haidaiwi."

Karibu na siku zangu za kuondoka, habari ilikuja kwamba mkwe wa jirani amejifungua mtoto wa kiume. Mama mkubwa, akiwa edani, hatoki. Jioni aliniita: "Nikunie nazi mbili. Na hamira ipo kabatini." Alfajiri nilimkuta ameshakaa jikoni, kanga imefungwa kifuani, analalamika kwamba nimetia makaa mengi na mkate utaungua kabla haujaiva ndani. Alichota unga mwenyewe. Alipogeuza chuma, mikono ilimtetemeka kidogo, nami nikasogea kushika. Akanisukuma kwa kiwiko.

Nikapeleka sahani. Jirani alimega, akaniuliza nani kaupiga, nikamwambia. Alimkabidhi binti yake jiko, akajitanda kanga, tukarudi pamoja. Walikaa barazani ya uani wawili wao mpaka adhana ya adhuhuri, wakijadili mtoto apewe jina la nani, na akika ichinjwe lini.