Saa ya Seva

Jana binti yangu alirudi na kazi ya shule, akaniuliza, "Baba, mbona Wazungu wakisema saa tisa sisi twasema saa tatu?" Nikacheka peke yangu. Jambo hilohilo liliwahi kunikosesha usingizi wiki tatu.

Ni tovuti ya nyumba ya wageni kule Shela, Lamu, niliyokuwa nikijigamba nayo. Ilianza kuzimika asubuhi, si kila siku, ila mara kwa mara. Simu ya mwenye nyumba ikilia nishajua: "Mwanangu, yeo imezima tena?" Naingia kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayoiweka tovuti hewani, nawasha hifadhidata, tovuti inarudi. Niliulaumu umeme wa Lamu, ilhali seva iko Frankfurt, Ujerumani. Nikaing'oa hata programu ya picha. Picha za roshani zikapotea, lawama zikazidi.

Asubuhi moja simu ilinikuta uwanja wa Mkunguni, mgongo nimeuegemeza ukuta wa Ngome, kompyuta mapajani, kahawa inapoa. Nikafungua daftari la seva, linaloandika kila tukio na saa yake. Ule mstari nilioupuuza siku zote ulikuwepo: masasisho ya usalama yameanza, 06:21. Nikaupita tena. Saa kumi na mbili alfajiri tovuti ilikuwa nzima, basi hausiki. Punda alikuwa amesimama karibu yangu, ananitazama kama anayejua jambo. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao akauliza bila kuinua kichwa, "Shekhe, saa ngapi?"

Nikaangalia pembeni ya kioo. 09:24.

"Saa tatu na dakika ishirini na..." Sikumaliza.

Maisha yangu yote najumlisha na kutoa sita bila kufikiri. Sikukumbuka kwamba seva, iliyofuata UTC, ile saa ya kimataifa, ilitaka niongeze tatu: 06:21 yake ni 09:21 yetu.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Seva ilikuwa ikijisasisha yenyewe; hifadhidata ikizimwa ili iwashwe upya, na kwa memori ndogo ya megabaiti 512, haikupata nafasi ya kuamka. Kuyafunga masasisho niliogopa, kwani mwizi naye hutafuta mlango wa zamani. Nikaitengea seva nafasi ya akiba kwenye diski, nikayahamishia masasisho saa nane usiku.

Nilimweleza mwenye nyumba kwa madaha kwamba seva yake ilifuata saa ileile ya Uingereza ya wakati wa baridi. Akanyamaza kidogo.

"Haya. Na picha za roshani yangu, zitarudi saa ya wapi?"