Sifuri Kwenye Fomu ya Kitwitwi

Ndege wakiwa wengi, shida ya anayewahesabu ni kutopotewa na hesabu. Wakiwa wachache katika nchi kame, shida yake ni fomu tupu. Nimejaza nyingi za aina hiyo nikimtafuta kitwitwi, ndege mdogo wa ufukweni anayekimbia hatua chache, akasimama ghafla, akadonoa, kisha akakimbia tena, na kila nilipoandika sifuri nilijiuliza kama nimeandika habari za ndege au za macho yangu.

Msimu wa kwanza niliukosea kabisa. Nilifuata njia zilizokwisha kukanyagwa na magari, na mwishowe karibu alama zote za ramani yangu zikawa kandokando ya njia hizo, nami nikaandika bila wasiwasi kwamba vitwitwi wanapenda ardhi iliyoshindiliwa. Mwenzangu alipoitazama ramani alicheka, akasema nimechora matembezi yangu.

Tangu hapo viwanja vya kupimia huchaguliwa kwa bahati nasibu kabla ya safari, katika kila aina ya ardhi: uwanda wa chumvi, changarawe, vichaka vifupi na kingo za madimbwi ya msimu, vikiwemo viwanja ambavyo mtu mwenye akili timamu asingevitembelea kwa hiari. Kila kiwanja hutembelewa zaidi ya mara moja, kwa kuwa ikiwa uwezekano wa kumwona ndege aliyepo ni asilimia 40 kwa ziara moja, basi baada ya ziara tatu bado kuna takriban asilimia 22 ya kumkosa kabisa. Mbinu ambayo Darryl MacKenzie na wenzake waliichapisha mwaka 2002 hutumia marudio hayo kutenganisha kutokuwepo kwa mnyama na kutoonekana kwake. Hata hivyo, katika umbo lake la kawaida mbinu hiyo inadai kwamba hali ya kiwanja isibadilike kati ya ziara, dai ambalo ni gumu mahali ambapo mvua moja hujaza dimbwi na kuwahamisha ndege wote, ndiyo maana ziara zangu hubanwa ndani ya wiki chache.

Saa nazo zina neno. Jua likishapanda, mazigazi huanza kucheza juu ya chumvi, kokoto hugeuka ndege ndani ya darubini, na ndege aliyelalia mayai hugeuka kokoto. Zaidi ya hayo, kumwinua mzazi kiotani wakati wa joto kali ni kuyahatarisha mayai, hivyo kazi yangu huishia asubuhi.

Fomu yangu ya sasa ina safu ya tabia, nayo ndiyo ninayoithamini kuliko nyingine zote. Kitwitwi wa spishi ya Charadrius alexandrinus anaweza kutaga kwenye ardhi kavu kabisa, lakini joto likizidi hulowesha manyoya ya tumbo majini na kurudi kuyapoza mayai, na vifaranga wake hutembea na kujitafutia chakula muda mfupi baada ya kuanguliwa, wakifuata wazazi hadi penye wadudu. Anayeweka alama moja kwenye kiota hatakuwa ameona hata nusu ya makazi hayo. Kwa upande mwingine, Charadrius montanus wa Amerika Kaskazini huzaliana kwenye nyanda za majani mafupi mbali na maji, mara nyingi mahali palipolishwa hadi udongo kuonekana na wagugunaji wa jenasi ya Cynomys, kwa hiyo siruhusu tena jina la “ndege wa ufukweni” linichagulie viwanja.

Msimu uliopita kiwanja kimoja cha changarawe kilinipa sifuri mbili mfululizo. Katika ziara ya tatu, hatua chache mbele yangu, mzazi alijiburuta chini akijifanya amevunjika bawa. Nilirudi nyuma nikikanyaga nyayo zangu zilezile, na zile sifuri mbili nikaziacha kwenye fomu kama zilivyo.