Mark 4 iliyokatwa: namna ya kuirudishia mti wake

Kwenye maduka ya rehani na maonyesho ya bunduki ya Marekani huwa imelazwa mwisho wa meza, bei yake chini kuliko jirani zake: bunduki ya boliti ya Kiingereza, mtutu uchi, mti (mbao za bunduki) umekatwa nusu na kupakwa vanishi inayong'aa kama kochi jipya. Hiyo ni Lee-Enfield Namba 4, ambayo Kenya watu huiita Mark 4. Askari wa Keya (King's African Rifles) waliokwenda Bama (Burma) mwaka 1944 walibeba bunduki za ukoo huu, za risasi ya .303. Baada ya vita ziliuzwa kama mabaki ya jeshi, na Wamarekani wakaziagiza kwa posta hadi sheria ya 1968 ilipofunga mlango huo. Mwindaji aliyetaka kitu chepesi cha kufuatia kulungu alishika msumeno, akakata mti, akatupa vifuniko vya juu, mambo yakaishia hapo. Ndiyo maana nyingi zimeharibiwa kwa nje tu, na zinaweza kurudi.

Kabla ya bunduki, karatasi. Huku Marekani mwenye viza ya muda, kama F-1 ya mwanafunzi au H-1B ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki. Vighairi ni vichache, na kinachojulikana zaidi ni kuwa na leseni ya uwindaji ya jimbo ambayo haijaisha muda. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, ila majimbo yana sheria zao juu ya hiyo ya shirikisho. Dukani utajaza Fomu 4473, fomu ya serikali ya kununulia bunduki, na humo unaulizwa hali yako ya uhamiaji. Uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai, na kosa la bunduki linaweza kumfukuzisha mtu nchini hata kama ana grini kadi. Kisheria bunduki ni ile bodi yenye namba, yaani chuma cha katikati ambamo boliti huteleza. Mti, bendi na vilengeo ni vipuri tu. Lakini usithubutu kutia boliti wala mtutu kwenye begi la kwenda nyumbani. Kuvitoa Marekani kunataka kibali, na kuviingiza Nairobi au Dar ni kesi nyingine kabisa.

Sasa ukaguzi, maana hapa ndipo pesa hupotea. Toa magazini, fungua boliti, tazama chembani, pale risasi inapokaa, kisha utie kidole uhakikishe ni tupu. Funga boliti, teremsha ufito wa kusafishia kutoka mdomo wa mtutu hadi ugonge uso wa boliti, weka alama mdomoni, utoe upime. Mtutu wa Namba 4 ni inchi 25.2, karibu milimita 640. Ukipata inchi 22, mtutu umekatwa, na masikio ya kushikia singe yamekwenda nao. Iache. Mtutu mpya, kuufunga na kupima upya chemba vitakugharimu kuliko kununua bunduki nzima isiyoguswa. Pili, tazama juu ya bodi na ubavuni. Matundu ya skrubu za darubini hayafichiki. Unaweza kuyaziba, lakini atakayeinunua baadaye atayaona. Tatu, lile daraja juu ya bodi ambamo klipu ya risasi hukaa: wengine walilisaga ili darubini ikae chini. Hilo halirudi.

Namba 4 ina matoleo, yanayoandikwa Mk. Kama yako ni Mk I*, kagua kitu kimoja zaidi. Kwenye mfereji ambamo kichwa cha boliti huteleza pana pengo dogo la kukitolea. Kingo za pengo hilo huvunjika, na zikivunjika kichwa huruka nje ya njia yake unapovuta boliti kwa nguvu. Tumia tochi na kioo cha kukuza. Mk I ya kawaida haina ugonjwa huu, maana kichwa chake hutolewa kwa kubonyeza kitufe chenye springi.

Ukisharidhika na chuma, soma alama. Za kampuni ya Savage, zilizotengenezwa Chicopee Falls, Massachusetts, zimeandikwa US PROPERTY ingawa zilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza, na namba zake zina herufi C katikati. Za kiwanda cha Long Branch cha Kanada zina L. Kiwanda cha BSA cha Shirley, Uingereza, kilitumia M47C. Vipuri vidogo navyo vina alama: S ni Savage, LB ni Long Branch. Watu hujisumbua wakitafuta kila skrubu yenye herufi moja. Kazi hiyo ni nzuri kama una muda, lakini bunduki iliyopita karakana ya jeshi ilitoka na vipuri vya viwanda vitatu, na huo ndio uasili wake. Ubaya ni kugonga namba mpya kwenye boliti ili ifanane na bodi. Huko ni kughushi, hata ukisema unajifanyia mwenyewe.

Vipuri vya kutafuta ni mti mrefu wa chini, vifuniko viwili vya juu ya mtutu, bendi zake za chuma, kofia ya chuma ya ncha ya mti, kinga ya kilengeo cha mbele, pete ya mkanda na skrubu zote. Nunua skrubu pamoja na bendi. Nyuzi zake si za dukani, na skrubu ya kulazimisha huua tundu. Ukiagiza mti, sema wazi ni wa Mk I. Mti wa Mk 2, toleo la baadaye, umechongwa tofauti nyuma, kwa sababu kwenye Mk 2 triga inaning'inia kwenye bodi yenyewe. Kitako kina urefu wa aina nne, tofauti ya nusu inchi kila hatua: L ni mrefu, wa kawaida mara nyingi hauna herufi, S ni mfupi, B ni mfupi zaidi. Herufi iko juu ya kitako, karibu na bamba la nyuma.

Kutoa kitako kunahitaji bisibisi ndefu na nene, inayopita kwenye tundu la bamba la nyuma. Ndani ya tundu hilo huwa kuna kizibo cha ngozi au cha namda juu ya kichwa cha skrubu. Kitoe kwanza. Asiyekitoa huzungusha bisibisi juu ya ngozi, inateleza pembeni, na kitako kinapasuka shingoni. Na kama uliyo nayo ni ile ya zamani, Namba 1 Mk III, toa mti wa mbele kabla ya kugusa skrubu ya kitako. Ncha yake ya mraba imeshikwa na kibamba ndani ya mti wa mbele, na ukiizungusha mti ukiwapo, unaupasua kutoka ndani.

Kazi yenyewe iko kwenye mti wa chini, na zaidi kwenye upana wa vidole viwili kule nyuma. Hapo pana mabega mawili ya mbao yanayoegemea chuma cha bodi. Bunduki inapopiga teke, mabega hayo ndiyo yanayolipokea. Yakiwa na nafasi hata ya unene wa karatasi, bodi inarudi nyuma kabla ya kugusa mbao, inapata mwendo, na baada ya risasi chache mti unapasuka kuanzia hapo. Mti mzuri hauingii kwa kidole. Unausukuma nyuma na juu kwa kiganja, au kwa nyundo ya mpira polepole, na kuutoa nako kunataka nguvu.

Kujua panapogusa, paka chuma masizi ya mshumaa au rangi ya mdomo, funga mti, ufungue, utazame alama kwenye mbao. Mabega yote mawili yapate rangi sawasawa. Likigusa moja tu, bunduki itatupa risasi upande na mti utapasuka upande huo. Palipo na nafasi usijaze gundi ovyo. Chonga kibanzi cha mbao ngumu, mishipa yake ikielekea mbele na nyuma, ukibandike kwa epoksi kikiwa kinene kidogo, kisha ukikwangue kwa patasi kali, rangi na kukwangua, rangi na kukwangua. Mara kumi si nyingi.

Mtutu nao ulale hivi: shina lake, pale unene unapoanzia mbele ya bodi, likae kwenye mbao bila kuyumba; kutoka hapo hadi karibu na ncha usiguse chochote; kisha ncha ya mti iusukume juu. Nguvu ya kusukuma ni ratili 2 hadi 7, yaani kama kilo 1 hadi 3. Bana bunduki, tia kipande cha karatasi kati ya mtutu na ncha ya mti, nasa mdomo wa mtutu kwa mizani ya springi, ile ya kupimia samaki, uvute juu. Soma mizani pale karatasi inapochomoka. Ikiwa sifuri, shida huwa ni huko nyuma, si mbele. Usikimbilie kubandika kitu nchani. Vifuniko vya juu visibane mtutu popote.

Kuhusu usafi wa mti: msasa ni marufuku. Unafuta mihuri ya ukaguzi na kuishusha mbao chini ya chuma, na hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kazi mbaya. Vanishi itolewe kwa dawa ya kuyeyusha rangi. Mti uliojaa grisi ya ghala uvishe mfuko mweusi wa takataka, uweke kwenye gari juani mwezi wa Julai, ufute kinachotoka, urudie siku kadhaa. Palipobonyea weka kitambaa kibichi na pasi ya moto; mvuke huinua nyuzi za mbao. Kisha mafuta ya linsidi mabichi, kidogo kidogo, ukisugua kwa kiganja mpaka kipate joto. Yaliyochemshwa hukauka upesi, lakini jeshi lilitumia mabichi. Vitambaa vya linsidi visikunjwe wala kurundikwa pipani: hujipasha moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au uvizamishe majini.

Kutu nyekundu kwenye bendi na vipuri vidogo haitaki kemikali. Toa mafuta yote, chemsha kipuri kwenye maji yaliyotoneshwa kwa nusu saa, na kutu nyekundu hugeuka nyeusi, ile inayokinga chuma. Isugue kwa sufi ya chuma namba 0000, kisha paka mafuta.

Kabla ya risasi ya kwanza peleka kwa fundi bunduki mwenye geji za kupimia nafasi anayoachiwa ganda la risasi mbele ya uso wa boliti. Geji ya inchi 0.064 boliti iifunge, ya 0.067 ndiyo mpaka wa kiraia, na jeshi lilivumilia hadi 0.074. Ikizidi, hubadilishwa kichwa cha boliti: viko namba 0 hadi 3, kila namba ndefu kidogo kuliko iliyotangulia, ila vipimo vyake hupishana, hivyo pima kwa maikromita, usiamini namba. Kichwa kikikazwa kisipitilize mstari wa boliti zaidi ya digrii 20. Ukipiga risasi za zamani za jeshi, mimina maji ya moto mtutuni siku hiyohiyo: fataki zake (viwashio vya baruti) huacha chumvi, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta.

Mwisho ni kilengeo cha mbele. Vijiwembe vyake vinapishana kwa inchi 0.015, na kila hatua husogeza risasi karibu inchi 2 kwa yadi 100. Risasi zikipiga chini weka kifupi, zikipiga juu weka kirefu. Kulia na kushoto, legeza skrubu ya kukishikilia na ukisukume kwa kifaa chake. Wanaokigonga kwa nyundo ndio walioacha makovu unayoyaona kwenye nusu ya bunduki hizi.