Kutoka Makongeni hadi Ngong kwa Baiskeli

Tulitoka Makongeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili ya mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Nairobi hupenya hadi kwenye mifupa ya vidole. Safari ya Ngong ilikuwa shauri la binti yangu. Mimi sikungoja kubembelezwa. Barabara hii nimeikanyaga tangu enzi za kaptula.

Jogoo Road ilikuwa na matatu chache. Nilipokuwa mdogo, alfajiri za siku za kazi, baiskeli zilimiminika hapa kuelekea Industrial Area na kwenye karakana za reli. Baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa na baiskeli aina ya Black Mamba, nzito, yenye breki za vyuma na dainamo iliyovuma ikisuguana na tairi. Jiji lenyewe lilianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na mtaa wetu ulijengewa wafanyakazi wa reli, kwa hiyo kwenda kazini kwa baiskeli halikuwa jambo la ajabu. Waliopanda baiskeli ndio waliolijenga jiji hili, na bado nawaheshimu.

Jioni baba alipojinyoosha kidogo, ilikuwa zamu yetu. Kiti tulikuwa hatukifikii. Unasimama upande wa kushoto, mguu wa kulia unaupenyeza chini ya chuma cha katikati hadi kwenye pedeli ya upande wa pili, mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umekumbatia kiti kwapani. Mwili wote unaning'inia nje. Mwanzoni pedeli haizunguki kamili: unapiga nusu, unarudisha, unapiga nusu tena. Cheni inakupaka grisi kwenye shavu la mguu, na jioni mama akiiona hahitaji kuuliza ulikuwa wapi. Kaka alikuwa akikimbia kando yangu akipiga kelele, "Kanyaga! Tazama mbele!"

Tulipita City Stadium, Landhies Road, kisha Muthurwa, ambako mikokoteni ilikuwa imeshaamka. Kwenye Uhuru Highway tulivuka chini ya Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022. Juu huko baiskeli haziruhusiwi. Sina neno na magari kupata njia yao, lakini huku chini mwendesha baiskeli bado anabanwa kati ya basi na ukingo wa barabara, na hilo linaniuma kila nikipita.

Kilima cha kuelekea Community kilitupima pumzi. Binti yangu alibadilisha gia, akanipita bila kusema kitu. Baba hakuwa na gia. Alikuwa akisimama kwenye pedeli, na palipozidi alishuka akasukuma.

Ngong Road ilipopanuliwa iliachiwa njia ya kando kwa waenda kwa miguu na baiskeli, na ni raha kuipita asubuhi kabla bodaboda na vibanda havijaikalia. Dagoretti Corner tulisimama kwa chai na mandazi. Nilimweleza binti yangu kwamba upande ule, Kikuyu, ndiko mwendesha baiskeli David Kinjah alikomfundisha baiskeli mvulana mzaliwa wa Nairobi aitwaye Chris Froome. Mwaka 2013 mvulana huyo alishinda Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, kisha akarudia mara tatu: 2015, 2016 na 2017. Mwaka ule wa kwanza ndio nilinunua baiskeli tena. Nilikuwa nimeiacha miaka mingi kwa ajili ya kazi, karo na matatu. Fundi wa Gikomba aliniuzia ya mtumba, akanikazia spoku moja moja huku akizungusha rimu na kutega sikio.

Baada ya Karen barabara inapanda polepole, ukungu ukawa umeachia, na mitambo ya upepo ikaonekana juu ya vilima. Mji wa Ngong ulikuwa umejaa watu wa kanisani. Nilidhani tutageuza hapo.

"Baba, tukishukia Kiserian?"

Kiserian maana yake ni Magadi Road, na Magadi Road maana yake ni matatu za Rongai, zilizochorwa kila rangi na zenye haraka kuliko zote. Nilikagua breki zake, kisha zangu. Nikamwambia atangulie, asiondoke kwenye ukingo wa kushoto, na tungojane stendi ya Kiserian.